Njia ya Ng'ombe Sebuleni

Jumamosi iliyopita, saa kumi na dakika ishirini jioni, nilikuwa kiwanjani kwangu katika kijiji cha Hirbadaw na kazi tatu kwa pamoja: shimo la choo, matofali ya kufyatua, na kamba ya kufunga kwenye vigingi vya msingi. Jirani yangu, mama wa makamo, akaja nyuma ya ng'ombe wake saba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hapa kwenye kamba ni nini?"

"Sebule."

Akaitazama sebule. "Wanapita hapa kwenda majini tangu enzi za mama mkwe wangu."

Nikamwomba wazunguke.

"Mimi sina shida, mwanangu. Mwambie huyo mwekundu wa mbele." Akamwonyesha kwa kidevu.

Mwekundu hakungoja kuambiwa. Alikatiza sebuleni, akaondoka na kamba na vigingi vitatu, na wenzake sita wakamfuata.

Chuoni nilifundishwa kupima mteremko, upepo na jua. Kuuliza nani hupita hapo jioni hakukuwa kwenye mtihani. Na huyu ndiye jirani pekee nitakayekuwa naye.

Kesho yake asubuhi niliokota kamba na vigingi, nikahamisha nyumba hatua kumi na mbili kuelekea mlimani, kisha jioni nikakaa chini, kamba mkononi, nikisubiri ng'ombe wapite kwanza.