Mwanasaikolojia Ndani ya Gari la Mjomba

Wakati wa ugonjwa ule uliofunga dunia, soko la Bujumbura lilikuwa wazi, mabaa yalikuwa wazi, na harusi zilifungwa kama kawaida. Vilivyosimama ni ndege na mpaka wa Kongo, yaani vitu viwili tu nilivyovihitaji. Mimi ni mcheza judo. Mashindano niliyoyasubiri yalikuwa nchi za nje, na msichana mwenzangu niliyefanya naye mazoezi kwa miaka, mwenye uzito kama wangu, alikuwa anakaa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mashindano yakaahirishwa, mwenzangu akabaki kwao, nami nikabaki mtaani kwetu Ngagara na kimono ya judo iliyofuliwa vizuri.

Wakubwa wa mchezo walituonea huruma. Hawakututafutia mtu wa kukabana naye wala godoro la kuangukia. Walitutafutia mwanasaikolojia. Alikuwa mama mmoja wa Ulaya mwenye Kifaransa cha upole, na angezungumza nasi kwa video, kila mchezaji na simu yake. Kocha alitutangazia habari hiyo kwa fahari ya mtu aliyetuletea medali.

"Tafuta mahali pa faragha," mama yule aliniambia siku ya kwanza. Ni wazi hakuwahi kukaa nyumba ya Ngagara. Sebuleni alikuwapo mama yangu, chumbani mama mudogo, na uani majirani walikuwa wanachambua maharage. Nikahamia ndani ya gari la mjomba wangu, fundi wa magari. Gari hilo lilikaa juu ya matofali pale uani, likisubiri injini tangu nikiwa shule ya msingi. Nilipandisha vioo. Joto lilitosha kuoka mkate, lakini faragha ilipatikana, kwa maana kwamba majirani sasa walinitazama bila kunisikia.

"Funga macho," akasema. "Nenda mahali unapojisikia salama."

Hapo rezo, yaani mtandao, ikakatika. Nilikaa macho yamefungwa, jasho linatiririka, nikiwa salama kabisa. Nilipofumbua, mama mudogo alikuwa dirishani.

"We, unalala mu gari?"

"Apana, mama mudogo. Niko naongea na munganga."

"Munganga wa nini?"

"Wa mawazo."

Alinikagua toka kichwani mpaka miguuni. "Mawazo gani, na chakula unakula?"

Kikao kilichofuata nilifundishwa kufanya mazoezi kwa kufikiria. Kwa mujibu wa yule mama, nikimwona mpinzani vizuri kichwani, mwili nao utajifunza. Basi nikawa natoka uani asubuhi, nakamata kola ya mtu asiyekuwapo, namzungusha, namtupa karibu na kamba ya nguo. Sijawahi kushinda vile maishani. Mama yangu alivumilia kidogo, kisha akanong'onezana na mama mudogo, na Ijumaa baada ya swala akaja shehe wa mtaa kunisomea dua. Nikawa na huduma mbili, moja ya rezo na moja ya shehe. Ya shehe haikukatika katikati.

Kwa mwanasaikolojia nilijibu kila swali kama mwanafunzi mzuri. Nalala vizuri. Nina motisha. Naishukuru familia. Nadhani alichoka na uzima wangu, maana siku moja aliniuliza, "Huyu mpinzani unayemtupa kila asubuhi ana sura gani?"

"Ni rafiki yangu wa Uvira," nikasema.

"Mnaongea?"

Tulikuwa tunaandikiana. Mimi: uko? Yeye: niko. Huo ndio ulikuwa urafiki wetu wote tangu mpaka ufungwe. Mama yule akaomba tumwalike, tukae watatu.

Mwenzangu alitokea kwenye simu akiwa kwenye duka la dada yake, nyuma yake vitenge vimepangwa hadi juu. Alikuwa amenenepa usoni. Tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye msiba. Kisha, kwa Kiswahili, akaniambia, "Mi nilishaacha judo. Niko na mimba. Nitaolewa."

Mwanasaikolojia, ambaye hakuelewa neno, alitabasamu na kuitikia kwa kichwa kututia moyo. "Anasema nini?"

"Anasema yuko salama," nikajibu kwa Kifaransa.

"Apana," mwenzangu akasema. "Mwambie vizuri." Akamweleza mwenyewe, kwa Kifaransa.

Nilisubiri tuambiwe tuvute pumzi. Mama yule akaweka kalamu chini, akasema, "Hilo ni zito. Tukae nalo kidogo." Nikalia ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu, na kwa mara ya kwanza faragha ikawa kamili.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza mwenzangu.

"Niliogopa utanikaba."

"Na mi sasa nitashika nani?"

"Shika mutu mwengine. Bujumbura iko na watu." Naye alikuwa anafuta macho kwa kitenge cha dukani.

Mradi wa mwanasaikolojia ulipoisha, tulipata ujumbe wa kutupongeza kwa ustahimilivu wetu. Mashindano nayo hatimaye yalifanyika. Nilipanda ndege, nikafika, nikapoteza pambano la kwanza upesi kiasi kwamba jasho halikutoka. Yule niliyekuwa namtupa uani alikuwa mwepesi zaidi.

Mpaka ulipofunguliwa, mwenzangu alivuka na mtoto mgongoni, akaja moja kwa moja kwenye ukumbi wetu wa mazoezi. Alinikuta nakabana na msichana mpya, mzito, mwenye kunikanyaga vidole. Alituangalia akiwa kwenye benchi, akisonya. Mwishowe akamfungua mtoto.

"Shika mutoto," akaniambia.

Akavua kandambili, akaingia kwenye godoro la tatami na kitenge chake kimefungwa kiunoni, akamkamata yule msichana kola, akamlaza chini.

"Umeona mukono wangu wa kushoto?" akaniuliza.

Sikuwa nimeona. Mtoto alikuwa ameshanishika pua.