Sarafu za shaba za Kibumba: tafadhali msizisugue kwa jiwe la volkano

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mimi ni fundi wa simu, niko Goma, Majengo. Haya yamenitokea nyumbani kwangu, na anayetaka chai, yaani hadithi za kutunga, akachemshe kwake.

Mama mkwe tunaishi naye, ila shamba la kwao Kibumba bado analima. Siku moja alikuwa anachimba viazi pale palipokuwa na nyumba ya wazazi wake, jembe likagonga kopo lililooza.

Ndani kuna sarafu za zamani, zile za Wabelgiji zenye nyota na tundu katikati. Kijani tupu, zimegandana.

Alizileta amezifunga kwenye kitenge.

Sasa sikieni. Marehemu mama yake alikuwa na sarafu alizozitunga kwenye kamba, akizivaa shingoni. Alipofariki hazikuonekana. Mama mkwe akasema dada yake ndiye aliyezichukua. Huyo dada yuko Kiwanja, na hawajasemezana tangu mke wangu akiwa mdogo. Harusi, misiba, kila mmoja kivyake.

"Ku moja, baba alichoraka musalaba na musumari," akatuambia. "Nikiuona, nitaenda kuomba dada yangu pardon. Nisipouona, hizi ni za mutu mwingine."

Basi mambo yote yakawa juu ya hiyo alama.

Kesho yake asubuhi namkuta uani, anasugua sarafu kwa jiwe la volkano!

Wageni wa Goma, hilo jiwe kwetu ndilo kila kitu. Masufuria, visigino, hatuulizi mara mbili. Sarafu inang'aa kama pete ya harusi, lakini nyota yake imekwisha, maandishi yamekwisha. Laini kabisa.

Na mimi ni mkwe. Kumpokonya mama mkwe kitu mkononi ni balaa la ukoo mzima. Nikabaki narukaruka mlangoni, namwita mke wangu, "Mwambie mama aache! Mwambie!" Mama mwenyewe yuko hapo hapo, ananisikia vizuri.

"Ambia bwana yako, hivi njo tunasafishaka shaba," akajibu, anaendelea.

"Mama, na kama musalaba ulikuwa ku hiyo?" mke wangu akamuuliza.

Jiwe likamdondoka. Iliniuma sana kumwona anaigeuzageuza ile sarafu.

Zilizobaki akaniachia mimi.

Kwa wanaotaka kujua: hakuna ndimu, hakuna chumvi, hakuna kusugua. Niliziloweka kwenye maji ya mvua mpaka udongo ukalegea, halafu kwenye mafuta ya kupikia. Mafuta yakigeuka kijani unamwaga, unaweka mengine. (Mke wangu alinuna kuhusu mafuta yake, na ana haki.) Kisha unachonga kijiti cha mwanzi, unachokonoa ile kutu polepole. Shaba ikibaki ya kahawia, iache hivyo hivyo.

Ni kazi ya wiki na wiki. Kila jioni mama mkwe anamuuliza mke wangu, "Bwana yako ameona?" Bado.

Siku msalaba ulipojitokeza, mdogo, umepinda, pembeni ya tundu, nilisahau ukwe wote nikapiga kelele. Mama mkwe alilia. Hatukukawia, tukashika njia ya Kiwanja.

Dada mtu amezeeka, macho yameshachoka. Mama mkwe akapiga magoti, akaomba msamaha, akamwekea sarafu kiganjani. Yule mzee akaupapasa msalaba kwa kidole, akacheka.

"Kumbe mama alizifukiaka yeye mwenyewe!"

Wakakumbatiana. Sisi wengine tukajifanya tunaangalia kuku.

Halafu akauliza, kwa upole tu:

"Na kama musalaba haungeonekana, mudogo wangu, haungekuja?"

Mama mkwe akaiangalia ile sarafu kiganjani mwa dada yake. Na mimi, niliyekuja njia nzima najisifia uvumilivu wangu, nikainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Sarafu yenye msalaba ilibaki Kiwanja. Mama mkwe siku hizi anavaa shingoni ile aliyoisugua, isiyo na kitu.

"Hii njo ilifaa inipeleke kwa dada yangu," anasema.

Wakuu, mwenye sarafu kama hizi aulize hapa chini, nitamjibu. Ila kama una dada yako Kiwanja, nenda kwanza. Sarafu zitasubiri kwenye mafuta.