Fukusi Aliyefutwa Vumbi

Saa moja asubuhi, Sevugan yuko juu ya ngazi ya mianzi, kwenye ukuta wa ghala la ushirika wa wakulima, kijijini Karisalpatti. Anampaka rangi ya majivu fukusi, mdudu mla mazao, aliyemchora mkubwa kama nyati. Wakulima wanaosubiri basi wanamkosoa kwa zamu.

"Kaka, leo umemwosha tena?" anauliza mmoja.

"Wewe subiri basi lako," anajibu Sevugan bila kugeuka.

Mchoraji huyu wa matangazo, mwenye miaka hamsini na minne, anajua wanachomtania. Mwaka jana ushirika ulimpa fukusi wa biringanya ndani ya kibiriti, amchore ili wakulima wamtambue. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye pua fupi butu, mwili umejaa ungaunga.

Sevugan hapaki rangi kitu chochote kabla ya kukipitishia kitambaa kibichi. Basi hata fukusi akamfuta.

"Weusi ulipotokea nilifurahi," anasema. "Nilijua nimetoa uchafu."

Kumbe ule ungaunga ndio rangi yake: magamba madogo mno, meupe kama majivu, yenye madoa meusi. Akamchora mweusi ti, na wakulima wakasaka wadudu weusi.

Aliyeumia kuliko wote ni dada yake, Pechiyammal, mjane anayeishi kwa nusu ekari ya biringanya. Aliwaona weupe wakitafuna kingo za majani, akawaacha kwa kuuamini ukuta wa mdogo wake. Funza wao wakamaliza mizizi, shamba lote likanyauka. Tangu hapo hamwiti tena Jumapili kula idli, vikate vya mchele vya mvuke, wala hamsemeshi.

"Angenitukana ningepumua," anasema Sevugan. Safari hii, anapomchora upya, amekataa ujira wake wa rupia mia tisa.

Jua limeshapanda Pechiyammal anapopita na beseni la miche kichwani. Anasimama, anamkagua fukusi kuanzia pua hadi nyuma.

"Madoa ya mgongoni hayatoshi," anasema hatimaye.

"Niongeze wapi, dada?"

Anamwonyesha kwa kidole, doa moja baada ya jingine, na brashi inafuata. Linapokamilika la mwisho, anaweka sawa beseni lake.

"Jumapili uje kula. Hicho kitambaa ukiache kwako."

Sevugan anasema atafika mapema, kabla idli hazijaepuliwa, na miche hiyo wataipanda pamoja.