Nekesa na mbwa aliyekatazwa kuku

Saa tatu asubuhi, nyuma ya karakana za mafundi wa mageti huko Kariobangi, Nekesa anakoroga sufuria tatu kubwa karibu bila kuzitazama. Macho yake yako kwenye ya nne. Ni ndogo, imepakwa rangi nyekundu ubavuni, ina mwiko wake na kifuniko chake. Ndani mna nyama ya ngamia na viazi vitamu.

"Hii ni ya Limuru," anasema. "Ukiweka mwiko wa kuku hapa, mimi na wewe tumekosana."

Limuru ni mbwa. Ni haski mwenye manyoya mazito, miguu myeupe na jicho moja la bluu, na anaishi Buruburu kwa Nthoki, mwalimu wa sekondari. Mwalimu aliona kwamba mbwa wa nchi za barafu akijikuta Nairobi, angalau aitwe jina la mahali penye baridi.

Nekesa ana miaka 46 na kazi yake ni kupikia mbwa. Kwa miaka tisa amekuwa akinunua matumbo, vichwa na miguu ya kuku, anapika na unga wa mahindi, kisha anasambaza kwa ndoo Buruburu, Umoja na Donholm. Wapo wanaomcheka. Yeye huwaambia kwamba wateja wake hawajawahi kurudisha sahani.

Mwaka jana hakuwa na nguvu za kutania. Kazi hiyo, iliyosomesha watoto wake wawili, ilikaribia kufa kwa sababu ya Limuru.

Ilianzia miguuni. Mwalimu Nthoki aliona mbwa wake akijilamba mpaka manyoya meupe yakageuka rangi ya kutu. Kisha yakaja masikio, yakipona na kuvimba tena, yakitoa harufu mbaya. Manyoya yalificha mengine yote. Siku mwalimu alipoyatenganisha kwa vidole tumboni na kwapani, alikuta ngozi nyekundu kama imeunguzwa.

"Alikuwa na kengele ndogo shingoni," anasema mwalimu. "Akijikuna, inalia. Miezi saba nimelala nikisikiliza hiyo kengele. Nilikuwa nafundisha nikisinzia."

Majirani walisema ni upele na kwamba utawarukia watoto. Baadaye mtu akasema ni chakula cha Nekesa, na maneno hayo yakazunguka mtaa mzima. Wateja kumi na wanne wakabaki watano.

"Hakuna aliniuliza," anasema Nekesa. "Unafika kwa geti na ndoo, unaambiwa mbwa amekula tayari. Saa nne asubuhi, amekula nini? Nilikuwa nalia kwa boda nikirudi."

Mwalimu hakumfukuza. Alimpeleka mbwa kwa Dkt. Lusweti, daktari wa mifugo mwenye kliniki ndogo Umoja. Daktari alikwangua ngozi, akaitazama kwa hadubini, akatafuta viroboto kwenye manyoya. Hakupata mdudu yeyote. Alitibu masikio kwanza, kisha akasema anashuku mzio.

"Mzio wa vumbi au chavua mara nyingi hupanda na kushuka kwa msimu," anaeleza. "Huyu hakupumzika mwezi hata mmoja, na masikio yalikuwa yakirudi. Nikashuku chakula. Kwa hilo, kipimo ninachokiamini si cha damu. Ni sufuria."

Maana yake ni wiki nane za nyama moja ambayo mbwa hajawahi kuionja, na kisitiwe kitu kingine mdomoni, hata kipande cha mkate. Na mshukiwa wa kwanza, akasema, ni kuku.

Hapo Nekesa alichukia. "Huyo daktari ni mtu wetu wa Bungoma," anasema, akicheka sasa. "Nikamwambia, wewe Lusweti mzima unashtaki kuku? Kwetu mgeni akiondoka bila kuchinjiwa kuku, hiyo aibu inafika mpaka kwa mashemeji."

Limuru alikuwa ameshakula ng'ombe, mbuzi na omena, wale dagaa wa ziwani. Ikabaki ngamia, na Nekesa akaenda Eastleigh, kwenye buchari ya Ruqiyo. Ruqiyo alimuuliza kwa heshima anatarajia wageni wangapi.

"Aliponiambia ni mbwa, nilidhani ananichezea," anasema Ruqiyo. "Sisi nyama ya ngamia tunaiheshimu. Lakini nikaona mama wa watu anataka kulia. Nikamwambia, chukua hivi vipande vya kando, mama, na huyo mgeni wako usinitajie tena."

Wiki ya nne ikafika na kengele bado inalia. Daktari aliwakalisha wote wawili, akauliza nani anampa mbwa kitu cha pembeni. Mwalimu akaapa kwamba si yeye. Nekesa akatazama viatu vyake.

Siku mbili baadaye alipiga simu kliniki.

"Nilimwambia, daktari, ni mimi." Anaacha kukoroga anapofika hapa. "Limuru alikuwa anakataa ngamia. Ananusa, anaenda. Nikaona atakufa njaa mkononi mwangu. Nikawa namwekea upawa mmoja wa supu ya kuku juu, apate hamu. Sikuwa na ubaya. Nilimwonea huruma."

Daktari hakumgombeza. Alimwambia haski wengi huchagua chakula na kwamba waanze kuhesabu upya. Nekesa alinunua sufuria mpya siku hiyo hiyo, akaipaka rangi.

Wiki ya sita ya hesabu mpya, manyoya ya miguuni yalianza kuota meupe kwenye mizizi. Ya nane, masikio yalikuwa makavu. Ili kuwa na hakika, daktari akaruhusu kuku kidogo. Siku ya tatu Limuru akaanza kujikuna, na akatulia tena kuku alipoondolewa.

"Niliketi hapa kwa ndoo nikalia tena," anasema Nekesa. "Lakini hii ilikuwa ya raha. Chakula changu hakikuwa kichafu. Ilikuwa tu mwili wake unakataa."

Mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza. Wateja tisa walirudi, mmoja akileta mbwa anayejikuna. Nekesa alimtuma kwa daktari kwanza. Dkt. Lusweti amemwonya kwamba si kila mwasho ni kuku, kwamba mbwa asipewe dawa za binadamu, na kwamba haski asinyolewe bali aoshwe na kukaushwa mpaka manyoya ya ndani.

Mwaka huu anataka jiko la pili linalowashwa kwa vumbi la mbao, kwa ajili ya mbwa wenye mzio peke yao, na karatasi juu ya kila ndoo iliyoandikwa kila kilichomo. "Hata kama ni upawa mmoja," anasema. "Hasa kama ni upawa mmoja."

Saa tano anafika Buruburu. Limuru anakula, analamba bakuli, anajinyoosha kwenye sakafu ya baridi na kufumba macho. Nekesa anabaki amesimama getini, ameinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.

"Mwalimu, ile kengele uliitoa?"

"Sijaitoa," anajibu mwalimu. "Bado iko shingoni."