Fundo la Kamba ya Pawaso

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Kitale alitoka uani amebeba pawaso, ule msumeno wa petroli wa kukatia miti, uso umemkunjamana. Kamba ya kuwashia ilikuwa imelika hadi ikakatika. Nikamwambia aniletee bisibisi, kiberiti na kamba mpya.

"Utaiweza, ama unataka tu kuniharibia?"

"Si ulete kwanza, bana."

Nilipofungua kifuniko cha pembeni, harufu ilinipiga: petroli, vumbi la mbao, grisi iliyozeeka. Mara nikawa Bungoma tena, upande wa Lugulu, kwenye veranda ya jikoni kwa nyanya, nilikolala kila likizo.

Babu alikuwa mpasuaji mbao. Asubuhi pawaso ilikohoa, ikakohoa tena, halafu ikanguruma, na kuku wote wakakimbilia chini ya ghala. Vumbi la mbao liliingia kila mahali, hata kwenye mboga ya mrenda, na hatukujali. Kamba ilipolika waliketi wawili kutengeneza: babu akizungusha, nyanya akibana springi kwa kidole gumba isiruke, huku akimkaripia kwa kununua kamba za bei rahisi. Ncha ya kamba ilichomwa kwa kiberiti isifumuke, kisha ikafungwa fundo. Kazi yangu ilikuwa kulinda skrubu kwenye sahani ya bati, na kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyajibu.

Kisha babu akafariki. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, watu wa nyumba hunyolewa nywele na wazee hugawa vitu vya marehemu. Koti huenda kwa huyu, kiti kwa yule. Pawaso ilikuwa na mwenyewe tayari: ndugu mdogo wa babu alikuwa ameiulizia hata kabla udongo wa kaburi haujakauka. Bila mashine ile nyanya angebaki na kishamba chake cha mteremkoni, na kila chumvi ikiisha angeenda kumwomba shemeji yake. Kila mtu pale uani alijua hivyo.

Mzee aliyekuwa akigawa akataka iwashwe kwanza, watu wasikie kinachotolewa. Ndugu ya babu akaikanyaga kwa mguu mmoja, akavuta kwa mbwembwe. Kamba yote ikatoka, ikabaki inaning'inia mkononi mwake, naye akakaa kitako kwenye majani. Ndani ya mashine springi ikalia krrr, halafu kimya.

"Imekataa," mama mmoja akanong'ona.

Mzee akatikisa kichwa. "Mwenyewe bado ameishikilia. Mtu asing'ang'anie kitu ambacho marehemu amekataa kuachilia. Wacha ibaki kwa mama wa nyumba, hata kama ni vyuma tu."

Ndugu ya babu akaitupa kamba kama aliyeshika nyoka, akajifuta viganja kwenye suruali. Nyanya aliinamisha kichwa chake kilichonyolewa.

Mimi niliokota ile kamba. Haikuwa imekatika. Ncha yake ilikuwa nzima, ngumu, nyeusi kwa moto wa kiberiti, na bado imejikunja pale fundo lilipokuwa. Nikamkimbilia nyanya.

"Nyanya, mbona hii kamba—"

"Nenda uangalie kama maharagwe yanaungua."

Maharagwe hayakuwa yanaungua. Hayakuwa hata yamewekwa jikoni.

Tulingoja mpaka nywele zake zikaota na mahindi yakafika kiunoni. Kwa fundi wa sokoni hatungeweza kwenda, maana fundi ana mdomo. Alasiri moja mvua ilipoanza kupiga mabati, nyanya akatandika leso ya zamani verandani, akaileta pawaso kutoka chini ya kitanda. Nilikuwa nimepandishwa cheo: sasa mimi ndiye niliyebana springi. Iliniponyoka, ikaruka, ikampita jogoo sikioni, na nyanya akacheka hadi akashika mbavu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tuzike. Tukaipanga upya ndani ya kifuniko, duara ndani ya duara, vidole vikiuma. Halafu akanipa ncha ya kamba ile ile nifunge mwenyewe.

"Kaza. Kaza kama unafunga ng'ombe wa watu."

Kesho yake asubuhi alivaa gambuti za babu, akatoka nje, akavuta. Ikakohoa. Akavuta tena, na kuku wakakimbilia chini ya ghala kama zamani. Nilitaka kulia, sijui kwa nini. Sauti ilivuka mto, na haukupita muda ndugu ya babu akatokea, mswaki mdomoni.

"Shemeji! Hiyo si ile mashine ilikataa?"

"Ilikukataa wewe."

"Ati sasa imekubali nani?"

"Si unasikia?"

Alisimama pale akitafuna mswaki. Angewaambia nini wazee? Kwamba marehemu amebadilisha mawazo? Mwishowe akatema mate pembeni. "Basi ukimaliza hapo, nina mkaratusi umeinamia choo changu."

"Leta petroli," nyanya akasema.

Mashine ile ilimweka nyanya nyumbani kwake, na mimi ikanifikisha Kibabii, chuoni, nilikojifunza kutilia shaka kila kitu, pamoja na wafu wanaoshikilia vyuma. Lakini nyanya sikumwuliza tena. Nilijiambia kwamba huenda fundo lilichoka tu, kamba za bei rahisi ndivyo zilivyo. Sasa naye amelala kando ya babu. Veranda imebomolewa, mikaratusi ya kando ya mto imekwisha, mingi tuliikata sisi wenyewe, na asubuhi za kule zimekuwa kimya kiasi kwamba kuku hawana cha kukimbia.

Jumamosi, kabla ya kurudisha kifuniko cha pawaso ya jirani, nilichoma ncha, nikafunga fundo la nyanya, nikashikilia kifuniko, nikamwambia jirani ashike kishikio avute kwa nguvu zake zote. Akavuta. Akaweka mguu ukutani, akavuta hadi jasho likamtoka.

"Haitoki hii," akasema. "Labda mtu aifungue."

"Najua," nikamwambia, nikacheka hadi nikashika mbavu.