Siri Zote Kwenye Simu ya Mutindi

Mutindi ni fundi wa nguo pale sokoni Tawa, na kanisani kwetu ndiye anayepokea maombi ya akina mama. Ukiwa na shida usiyoweza kuitaja mbele za watu, unamnong'oneza, naye anakuombea bila kutaja jina. Miaka tisa sasa, hajatoboa siri hata moja.

Kosa lake ni bidii. Hapendi kuombea kitu asichokielewa, kwa hiyo kila shida huitafuta kwanza kwenye simu: bawasiri, mume anayekoroma, mkwe asiyeshika mimba. Simu nayo, kwa umbea wake, ikaamini yote ni ya Mutindi, ikawa inampa pole na kumuuzia dawa kutwa nzima. Wateja walichungulia matangazo hayo, wakamwonea huruma. Yeye akaendelea kushona.

Jumapili iliyopita simu yake ndiyo iliyounganishwa na projekta. Tukiwa ubeti wa pili, maneno makubwa yakafunika wimbo ukutani: "Mutindi wa Tawa, pombe imekushinda? Tiba ya siri. Tunakuletea kwa siri."

Siri gani hiyo, washenzi nyinyi, na watu mia mbili wanasoma?

Shida ile ilikuwa yangu. Mwezi jana nilimnong'oneza Mutindi kuhusu mume wangu Kisilu, mzee wa kanisa, ambaye hunywa nyuma ya zizi kisha akatafuna majani ya mpera kuficha harufu.

Baada ya ibada wazee walimwita. Mimi ndiye karani, nikakaa na daftari.

"Dada Mutindi," mchungaji akauliza, "hii maneno ya pombe ni ya nani? Ukisema, utaendelea na kazi yako."

"Imetoka kwa simu yangu, pastor. Hayo mengine siwezi sema."

Hakunitazama hata kidogo. Afadhali angenitazama.

"Kanisa haiwezi ombewa na mlevi," Kisilu akasema, na mkono wake ukawa wa kwanza kuinuka kukubali aondolewe. Alinukia mpera hadi kwenye daftari langu.

Mchungaji akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina, nikaandika kwamba wote wamekubaliana.