Ati kaya moja, kura moja

Na kwa hiyo, marafiki, leo nimegundua kwamba kuolewa kumeninyang'anya kura.

Mnalijua kundi letu la kujitolea hapa Mbeya, tunaoboresha ule mfumo wa bure wa kutengenezea tovuti. Humo ndimo nilimompata Ambakisye wangu. (Jamani, huyu mwanaume!)

Leo tulikutana Iyunga kuchagua kazi ijayo. Mimi nataka kurasa nyepesi, zifunguke hata kwenye simu ya mama mdogo anayeuza mchele Madibira. Mume wangu anataka mapicha makubwa. Tumebishana tangu chai ya asubuhi, kwa mapenzi.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akanikatiza:

"Shemeji, shusha. Mmeshakuwa kaya moja. Kura ya bwana tumeshaichukua."

Kaya! Kama vile tunachangia mahindi ya shule!

Watu wakacheka. Machozi ya hasira yakanilengalenga.

Ambakisye akasimama. "Mwenyekiti, mke wangu hakubaliani na mimi hata kidogo. Kama ni moja, futa yangu, andika yake."

Nyie! Nilitaka kumkumbatia palepale.

Kurasa nyepesi zikashinda. Lakini bado nimekasirika. Kwa nini yeye apoteze kura yake ili mimi nipate yangu?

Nikalisema hilo mbele ya wote. Mwenyekiti akaniambia nimheshimu mume.

Mume ndiye aliyekuwa anapiga makofi.

Nakosea? Semeni.

Wenzetu wa kundi la Iringa, kabla mwezi haujaisha mimi na Ambakisye tunakuja kwenye kikao chenu. Andaeni viti viwili na kura mbili.